Kulala Cairo ukirudi Entebbe: hesabu ya saa za ubaridi

Hajati wa miaka 63, mkazi wa Bombo nchini Uganda, anakwenda London na mwanawe wa kiume kumwona binti aliyejifungua. Watarudi wiki ya kwanza ya Agosti kwa tiketi inayopitia Cairo. Ndege ya London inaondoka saa 8 mchana kwa saa za huko na kutua Cairo saa 2:45 usiku. Ile ya Entebbe inaruka saa 5 usiku. Wakala wa tiketi wa Kampala amewawekea njia tatu mezani: waunganishe usiku uleule, waondoke usiku unaofuata, au walale mara mbili na kuondoka usiku wa tatu. Kijana anataka piramidi. Mama anataka kuswali katika msikiti wa al-Azhar na kuutazama Nile, maji yaleyale aliyozoea kuyaona Jinja. Wote wawili wameambiwa kwamba Cairo ya Agosti ni tanuri, na wanauliza kama kusimama huko kuna maana yoyote.

Kwa wasafiri hawa, kulala mara moja ndiyo njia mbaya kuliko zote tatu, ingawa ndiyo iliyowavutia kwa sababu inaonekana ya katikati. Ama wapitilize, ama walale mara mbili. Hesabu iliyotufikisha hapo ni hii.

Saa 26 ni saa ngapi?

Kati ya ndege moja na ya pili, njia ya kulala mara moja ina saa 26 na robo. Ukiitazama kwenye karatasi ni siku nzima na zaidi. Sasa anza kukata. Foleni ya uhamiaji na kungoja masanduku itakula saa moja na robo, kwa hiyo wanatoka nje saa 4 usiku. Mama ametoka kukaa kwenye kiti saa tano, magoti yamekaza. Anakwenda kulala, hatembei sokoni. Mwisho wa safari nako wanatakiwa wawe uwanjani saa tatu kabla ya kuruka, yaani saa 2 usiku. Kilichobaki ni kuanzia alfajiri hadi jioni ya siku moja, na siku hiyo ni ya Agosti.

Kwa kawaida mchana wa Cairo mwezi huo hufika nyuzi 35 hivi, siku mbaya 40, na usiku hushuka hadi 24 au 25. Kampala iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari na mchana wake wa Agosti huzunguka nyuzi 27 au 28. Mtu atasema tofauti ni nyuzi nane tu, lakini kuna mambo matatu ambayo kipimajoto hakiyasemi.

Kwanza, mchana wenyewe ni mrefu. Wiki hiyo jua la Cairo huchomoza kama saa 12:15 asubuhi na kuzama karibu saa 1:50 usiku. Hapo saa ya Kiswahili inaleta kichekesho: ni saa moja usiku na bado unahitaji kofia. (Misri ilirudia mtindo wa kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi mwaka 2023, ndiyo maana Agosti saa ya Cairo na ya Kampala ni moja. Usiguse saa yako.) Pili, kilele cha joto hakiwi adhuhuri. Adhuhuri yenyewe huingia karibu saa 7, na joto huendelea kupanda hadi saa 9 au 10 alasiri. Mganda aliyezoea wingu la alasiri kuja kuokoa siku atatoka hotelini saa 9 akidhani jua limelegea, kumbe ndipo linapokomaa. Tatu, hewa ya mchana ni kavu. Jasho hukauka kabla hujalihisi, shati linabaki safi, nawe unadhani hupotezi maji. Mtu wa Mombasa hulowa akajua. Mtu wa Cairo hukauka bila kujua.

Kwa hiyo tunahesabu saa za ubaridi tu: kutoka macheo hadi saa 4 asubuhi, na kutoka saa 12 jioni hadi usiku mkuu, wakati upepo wa kaskazini unapoingia mjini na Wamisri wenyewe wanapotoka na watoto wao. Saa utakazokuwa ndani ya jengo lenye kiyoyozi na jambo la maana la kutazama nazo zinahesabika. Saa za kukaa kwenye gari katika foleni hazihesabiki hata kama gari lina kiyoyozi.

Kwa kipimo hicho, siku yao moja inatoka hivi. Wanaondoka hotelini saa 12:30 asubuhi, wako Giza saa 2 kasoro robo, wanakaa nje hadi saa 4. Kisha makumbusho, saa 4:30 hadi 7:30 mchana. Kurudi upande wa uwanja wa ndege kunachukua saa moja na nusu, kwa hiyo saa 9 ndiyo wanaingia chumbani, chumba ambacho imebidi wakilipie nyongeza kwa sababu muda wa kukiacha ulipita. Wanapumzika hadi saa 11:30. Kwenda al-Azhar jioni ile na kurudi si chini ya saa moja na nusu barabarani, na saa 2 usiku wanatakiwa uwanjani. Al-Azhar haipo. Saa tano za kufaa, zote za kijana, na mama ndiye mwenye magoti na nia.

Kizingiti cha saa 24

Kuna jambo jingine ambalo wakala hakulitaja. Katika tiketi za kimataifa, ukikaa mahali chini ya saa 24 unahesabiwa uko safarini, ukizidisha, umesimama. Hiyo si lugha ya makaratasi tu. Chini ya saa 24 nauli kwa kawaida hubaki ileile na masanduku huandikiwa kwenda moja kwa moja hadi Entebbe. Ukivuka, nauli hukokotolewa upya, kodi za uwanja huongezeka, na masanduku hutolewa Cairo uyachukue mwenyewe. Saa 26 na robo zimevuka kizingiti kwa saa mbili na kidogo tu. Wanalipa gharama za kusimama, wanabeba mizigo ya kusimama, bila kupata muda wa kusimama.

Na mizigo hii si ya kudharauliwa. Watu wawili wanaotoka London kumwona mjukuu, kila mmoja na masanduku mawili ya kilo 23, ni kilo 92 za nguo za watoto, sufuria na viatu vya jamaa wa Bombo. Masanduku manne makubwa hayaingii katika gari dogo la kuitwa kwa simu pamoja na abiria wawili. Itabidi gari la aina ya familia, liagizwe mapema kupitia hoteli. Hili peke yake linatosha kuamua wapi walale: hoteli yenye lifti na chumba cha kuhifadhi mizigo, si ghorofa ya nne ya nyumba nzuri ya zamani yenye ngazi za mawe.

Kijana aliuliza kwa nini basi wasisimame wakati wa kwenda, masanduku yakiwa mepesi. Swali zuri, na kwa tiketi nyingine tungemkubalia. Kwa hii, hapana. Ndege ya kutoka Entebbe inaondoka alfajiri na kutua Cairo kati ya saa 2 na 3 asubuhi baada ya safari ya saa tano hivi. Maana yake ni kwamba saa nzuri za siku ya kwanza wanazipoteza kwenye foleni ya uhamiaji, wanatoka nje saa 4 juani, hawajalala, na chumba cha hoteli hakijawa tayari hadi mchana. Ndege inayotua usiku ni zawadi kwa mji wa joto: unalala kwanza, kisha unaamka na asubuhi yote mkononi.

Karatasi kabla ya piramidi

Pasipoti ya Uganda haikuingizi Misri bila viza. Ukiunganisha usiku uleule kwa tiketi moja, unabaki ndani ya eneo la kupitia na huhitaji kitu. Ukitaka kulala mjini, unahitaji viza, na mahali pa uhakika pa kuiomba ni ubalozi wa Misri Kampala kabla ya kuondoka, si London. Kuombea viza katika nchi ambako wewe mwenyewe ni mgeni wa wiki tano ni kujitafutia mgogoro.

Hapa mpangilio una uzito. Pasipoti haiwezi kulala kwenye ofisi mbili. Viza ya Uingereza ya mgeni wa kawaida huchukua kama wiki tatu, na pasipoti inaweza kubaki huko muda huo. Kwa hiyo Uingereza kwanza, kisha Misri, na kati yake kuwe na nafasi. Kwa safari ya mwishoni mwa Juni, anza Machi. Muulize ofisa wa ubalozi swali moja mahususi: viza hii inaniruhusu kuingia hadi tarehe gani? Wao hawaingii Misri mwezi wa Juni. Wanaingia Agosti, wiki nyingi baada ya viza kutolewa.

Kadi ya homa ya manjano nayo. Uganda imo katika nchi zenye ugonjwa huo, na Misri huidai kwa wanaotoka katika nchi hizo kuanzia umri wa miezi tisa, na kwa waliopita huko kwa zaidi ya saa 12. Chanjo huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya kuchanjwa, na tangu 2016 cheti ni cha maisha, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka 10. Usiache kadi Bombo kwa hoja kwamba unakuja Cairo kutokea London. Pasipoti yako ndiyo itakayosomwa.

Kisha dawa. Hajati anameza vidonge vya presha, na kwa magoti aliwahi kuandikiwa tramadol. Hiyo ya pili ibaki nyumbani. Misri inaihesabu miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa vikali, na mtu aliyeibeba kwa nia njema anaweza kujikuta mahakamani. Daktari wake ambadilishie dawa ya maumivu kabla ya safari. Dawa za presha ziwe kwenye pakiti zake pamoja na barua ya daktari, na hapohapo amuulize kama mojawapo ni ya kukojoza. Ikiwa ni hivyo, joto la Cairo na kidonge vinatoa maji upande mmoja, na dozi ya siku hizo mbili ni ya daktari kuamua, si ya kijana wala ya jirani. Kijana, kwa upande wake, aache droni. Misri hairuhusu kuingia nazo bila kibali.

Hajati alikuwa na hoja yake: "Mwanangu, mimi nimehimili jua la Makka, Cairo itanifanya nini?" Ni hoja ya kuheshimiwa, ila hija ile aliifanya akiwa na miaka 48, katika kundi, na basi la kumsubiri, na mtu wa kumgawia maji. Cairo hakuna kiongozi wa msafara. Yeye ndiye atakayesimama kando ya barabara akisubiri gari lisiloona pa kuegesha.

Kulala mara mbili, saa kwa saa

Tuchukue kwamba wanatua Jumatano usiku na kuondoka Ijumaa usiku. Siku hizo hatukuzichagua kwa bahati. Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mapumziko Misri, na asubuhi ya Ijumaa ndiyo saa pekee katika wiki ambapo Cairo inapumua barabarani. Alhamisi jioni ndiyo kinyume chake.

Walale katikati ya mji, karibu na Uwanja wa Tahrir. Karibu na uwanja wa ndege kulifaa kwa mtu wa usiku mmoja. Karibu na piramidi kunamfaa mwenye kutaka piramidi tu. Kutoka katikati, Khan el-Khalili iko kilomita tatu hivi, na Giza iko ng'ambo ya mto, safari fupi kabla magari hayajaamka.

Alhamisi ni ya kijana. Wawe getini Giza mara linapofunguliwa. Mlango wa wageni sasa uko upande wa barabara ya Fayoum, na tangu Aprili 2025 mabasi ya umeme huwachukua watu kutoka kituo hadi kituo juu ya uwanda. Hili limebadilisha hesabu kwa wazee: zamani ungeingia na dereva wako au ungenunua ugomvi na mwenye ngamia, sasa mama anapanda basi, anateremka, anatazama, anapanda jingine. Wenye farasi na ngamia bado wapo. Neno "bure" likitamkwa na mtu usiyemjua, bei yake inakuja baadaye. Mnamo 2025 tiketi ya mgeni kuingia uwandani ilikuwa pauni 700 za Misri, sawa na kama shilingi 50,000 za Uganda, na malipo ya vituo vingi vya mambo ya kale sasa ni kwa kadi ya benki, si noti.

Kuingia ndani ya piramidi ya Khufu ni tiketi nyingine, na kwa Hajati tunakataa. Njia ya kupanda ina kimo cha mita 1.2 hivi na mwinuko wa nyuzi 26. Unakwenda umeinama, unashika reli, hewa ni nzito kwa pumzi za watu, na mbele yako na nyuma yako kuna foleni. Ukiishiwa nguvu katikati huna pa kukaa. Kijana akitaka, aende peke yake mapema, mama amngoje kivulini. Atakachokuta juu ni chumba cha mawe ya graniti chenye jeneza la jiwe lililo tupu. Wengine hulia kwa mshangao, wengine huuliza kama ndiyo hiyo tu. Nje, jengo lenyewe linajieleza: miaka zaidi ya 4,500, mawe yanayokadiriwa milioni 2.3, mita 146 lilipokamilika na 138 leo.

Saa 4 hawajadiliani, wanaondoka. Kilomita mbili hivi kutoka hapo ni Makumbusho Makuu ya Misri, yaliyofunguliwa rasmi tarehe 1 Novemba 2025, na haya ndiyo yaliyofanya Giza ya Agosti iwezekane kwa mtu wa umri wake. Kiyoyozi, viti, vyoo safi, lifti. Ukumbini anakupokea Ramses II, mita 11 za graniti, tani 83. Mali ya kaburi la Tutankhamun, vitu zaidi ya 5,000, imekusanywa pamoja kwa mara ya kwanza. Tiketi inunuliwe mtandaoni kabla, kwa saa iliyopangwa; kufika na kuomba dirishani ni kubahatisha. Saa tatu zinatosha. Baada ya hapo macho yanaona lakini kichwa hakipokei.

Kuanzia saa 8 mchana hadi saa 11:30 ni kulala, pazia zikiwa zimefungwa. Msafiri anayekataa usingizi huu ili "asipoteze siku" ndiye anayeipoteza jioni.

Jioni wanakwenda mtaa wa al-Muizz, na hapa zamu ya mama inaanza. Kwa kuwa ni Alhamisi, watoke kabla ya saa 12 au wangoje hadi saa 2 usiku ipite. Waanzie lango la kaskazini, Bab al-Futuh la mwaka 1087, washuke taratibu kuelekea kusini, sehemu kubwa ya njia ni ya waendao kwa miguu. Mji huu ulianzishwa mwaka 969 na Jawhar, jemadari wa Mafatimi, kwa ajili ya Khalifa al-Muizz, na mtaa huo ulikuwa uti wake wa mgongo. Kila hatua chache kuna msikiti, madrasa, au kisima cha umma, taa zimewashwa, watoto wanakimbia, wazee wanavuta shisha. Mwisho wa matembezi ni Khan el-Khalili, soko lililoanzia karne ya 14, na msikiti wa al-Hussein. Maghrib na Isha wanaweza kuziunganisha kwa ruhusa ya msafiri.

Sokoni, Kiswahili kina msaada ambao watu wengi hawaufikirii. Sita, saba, tisa; ishirini, thelathini, arobaini, hamsini hadi tisini; mia na elfu: muuzaji wa Cairo anazisikia zote, matamshi yakitofautiana kidogo. Sukari, sabuni, chai, kahawa, bakshishi vilevile. Hajati ana nyongeza yake, kwani yeye ni Mnubi, na Kinubi ni mtoto wa Kiarabu cha Sudani. Asitegemee mazungumzo marefu, kwa sababu sarufi imekwenda njia yake, lakini akisema moyo akimaanisha maji, mwenye duka anayesema mayya atachukua chupa. Wapo wazee wa Bombo watakaoiona safari hii kwa jicho jingine kabisa: mababu wa Wanubi walioletwa Uganda na Lugard, afisa Mwingereza, mwaka 1891 walikuwa askari wa gavana Emin Pasha, waliotumikia jimbo la Ikweta kwa jina la serikali iliyokaa Cairo. Wengi wao Cairo yenyewe hawakuiona kamwe.

Ijumaa asubuhi barabara ni nyeupe. Wanaanzia ncha ya kusini ya kisiwa cha Roda, penye kipimo cha mto kilichojengwa mwaka 861: nguzo ya marumaru yenye alama za dhiraa ndani ya shimo la mawe, ambayo maji yalipanda juu yake kila kiangazi na serikali ikakadiria kodi kwa urefu wake. Wachache hufika. Kwa mtu wa Uganda tunakiweka juu ya vituo vingi maarufu, tena ni dakika arobaini tu. Ila mama asiwaambie watu kwamba mafuriko yale yalitoka Jinja: yalitoka milima ya Ethiopia. Maji ya Jinja ndiyo yaliyozuia mto usikauke miezi mingine, kazi isiyoimbwa sana.

Kisha al-Azhar, msikiti ulioanza kujengwa mwaka 970 na ambako vijana wa Uganda wamekuwa wakienda kusoma kwa miaka mingi. Wafike kabla ya saa 5, wakae ndani kivulini. Akitaka kuswali Ijumaa hapo, adhuhuri ni saa 7, sehemu ya wanawake iko kando, na atoke baada ya umati kupungua, si pamoja nao. Ijumaa si wajibu kwake, ila sisi si wa kumzuia mtu wa Bombo asiswali Ijumaa al-Azhar. Gurbaba ya pamba, vazi la Wanubi, inafaa kuliko baibui ya polista. Baada ya hapo hotelini, kulala tena, na saa 12 jioni gari la mizigo mlangoni.

Hesabu ya mwisho: Alhamisi saa mbili za piramidi, tatu za makumbusho, tatu za mtaani usiku, Ijumaa mbili za asubuhi kando ya mto na mbili au tatu za al-Azhar. Ni saa 12 au 13 za kufaa, dhidi ya tano za usiku mmoja. Viza ni ileile, tofauti ya nauli ya kusimama haibadiliki sana, gari la masanduku ni lilelile. Kinachoongezeka ni chumba cha usiku mmoja na chakula. Gharama nzito zote zinalipwa mara mlango unapofunguliwa.

Panapoharibika

Maji: chupa zilizofungwa, nusu lita kwa kila saa ya kuwa nje, kunywa kabla ya kiu. Pakiti nne za chumvi za kuongeza maji mwilini ziwe mkobani. Zikiisha, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Mtu mwenye moyo dhaifu apewe kiwango na daktari. Mama akianza kuchanganya maneno, ngozi ikiwa ya moto, hiyo si uchovu: kivuli, maji mwili mzima, kumpepea, na kupiga 123 kuita ambulensi. Polisi wa watalii ni 126.

Shilingi ya Uganda haibadilishiki huko. Wabebe dola safi, wabadilishe kidogo benki ya uwanjani, waombe noti ndogo za bakshishi. Gari waliite kwa programu ya simu, wakubaliane na bei iliyoandikwa. Anayekuambia njiani kwamba makumbusho yamefungwa leo ana duka la manukato la binamu yake. Na wakala akiwapa nauli ya kushangaza, waangalie herufi za uwanja: CAI ndio huu, SPX ni uwanja mwingine wa Sphinx, magharibi ya Giza, ng'ambo ya mji mzima.

Uamuzi uliofikiwa ni kulala mara mbili, nauli ikaombwa hivyo tangu mwanzo kwa sababu kuiongeza baada ya tiketi kutoka ni kulipia tiketi kuandikwa upya. Una sharti moja: viza ya Misri isipokuwa imebandikwa wiki tatu kabla ya kuondoka Entebbe, wanabadilisha na kuunganisha usiku uleule, bila majadiliano ya dakika za mwisho. Kama kijana angesafiri peke yake na begi la mgongoni, tungempa jibu jingine: saa 26 zingemtosha, begi lingelala kwenye kaunta ya hoteli, na usiku wa kwanza saa 5 angekuwa al-Muizz akila koshari.